Vinia au krauni? Uliza kwanza jino litachongwa kiasi gani

Watu wengi wanaotaka tabasamu jipya la vinia (ganda la kubandikwa mbele ya jino) au krauni (kofia inayofunika jino zima) huingia kwa daktari wa meno na maswali matatu: bei gani, siku ngapi, na meno yatakuwa meupe kiasi gani. Swali la nne, ambalo ndilo zito, hawaliulizi: jino langu litachongwa kiasi gani? Bei ukishalipa imekwisha, na rangi usiyoipenda inaweza kubadilishwa. Sehemu ya jino iliyochongwa hairudi, kwa sababu mwili hautengenezi upya enameli, lile tabaka gumu la nje. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi kwenye swali hilo kila hatua.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa mtu mwenye meno ya kahawia aliyekulia Arusha, Moshi, Nakuru au Naivasha. Nimemchagua kwa sababu shida yake ni halisi, anachekwa nayo shuleni na kazini, na ni rahisi sana kuuziwa matibabu makubwa kuliko anayoyahitaji.

Hatua ya 1: Jua meno yako yamekuwaje

Kahawia ya Arusha haitokani na uchafu, na kupiga mswaki kwa nguvu hakuiondoi. Maji ya visima na chemchemi nyingi za Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na baadhi ya vyanzo kuzunguka Mlima Meru vinazidi kiwango hicho mara kadhaa. Magadi ya kuivishia maharage na makande nayo huongeza. Floridi huharibu enameli wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo ya maisha. Aliyehamia Arusha akiwa na miaka 30 hatapata madoa hayo hata akiishi huko hadi uzee.

Kinachofaa kujua hapa ni kina cha doa. Kwa mwenye madhara madogo au ya wastani, mistari myeupe kama chaki na kahawia yake mara nyingi viko kwenye sehemu ya juu ya enameli, na vinaweza kupunguzwa bila vinia yoyote. Kwa mwenye madhara makali, enameli imejaa vishimo na inamomonyoka vipande vipande. Hawa wawili wakitazamwa kwa mbali katika picha ya simu wanafanana, lakini matibabu yao hayafanani kabisa.

Vyanzo vingine ni rahisi kutenganisha. Jino moja tu lililogeuka kijivu, hasa baada ya kuanguka au kupigwa, huenda limekufa ndani; hilo linahitaji eksirei na pengine matibabu ya mzizi, kisha linaweza kung'arishwa kutoka ndani. Rangi ya kijivu au ya manjano iliyoiva, yenye mikanda, katika meno yote inaweza kuwa ya dawa za tetrasaiklini alizopewa mtoto au mama mjamzito. Madoa ya chai, sigara, ugoro na miraa yako juu juu, na mara nyingi huondoka daktari akisafisha meno na kutoa ugaga. Nimesikia watu wakiulizia vinia kumi wakati hawajawahi kusafishwa meno hata mara moja.

Mwanya nao si ugonjwa. Pwani ni urembo wa kusifiwa. Ukitaka kuuziba, uzibe kwa kuwa umeamua mwenyewe, si kwa kuwa mtu ameuandika kwenye orodha ya kasoro zako.

Hatua ya 2: Tofautisha vinia na krauni kwa milimita

Vinia ni ganda jembamba linalogandishwa upande wa mbele wa jino, mfano wa kucha ya bandia. Ya kauri huwa na unene wa milimita 0.3 hadi 0.7 hivi. Krauni hufunika jino zima, mbele, nyuma, pembeni na juu. Ili ipate nafasi, jino husagwa pande zote kwa milimita 1 hadi 1.5, na juu hadi 2. Linalobaki ni kisiki kidogo.

Mwaka 2002 watafiti Edelhoff na Sorensen walipima mifano ya resini ya meno ya mbele kabla na baada ya kuchongwa. Vinia, kutegemea muundo wake, iliondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana kinywani. Krauni kamili iliondoa asilimia 63 hadi 72. Takwimu hizo peke yake zingetosha kubandikwa ukutani katika kila kliniki ya urembo wa meno.

Milimita zina maana kwa sababu enameli yenyewe ni nyembamba. Kwenye ncha ya jino la mbele hufika karibu milimita moja. Karibu na ufizi huweza kuwa chini ya nusu. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina vijitundu vinavyoelekea kwenye kiini chenye neva. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli huiparuza kiasi cha kuifanya ishike resini, yaani plastiki ya kugandishia na kuzibia meno, vizuri. Vinia zote za leo zinaegemea ugunduzi huo. Gundi hushika enameli kwa uhakika zaidi kuliko dentini, kwa hiyo daktari akichonga hadi akaiacha dentini wazi sehemu kubwa, umepoteza mambo mawili kwa mpigo: jino linauma kwa baridi, na vinia ina nafasi kubwa zaidi ya kubanduka.

Sasa utaelewa kelele za Uingereza kuhusu vijana wanaosafiri Uturuki kutengeneza meno. Wengine waliambiwa wanawekewa vinia, wakarudi na krauni, na picha walizojipiga kabla ya kufunikwa zinaonyesha visiki vya meno yaliyokuwa mazima. Krauni humrahisishia kazi anayeharakisha: zinaficha rangi, zinaficha meno yaliyopinda, na ganda la zirkonia, aina ya kauri ngumu, halidai ufundi mwingi wa kugandisha. Mgonjwa ndiye anayelipa gharama hiyo miaka kumi baadaye, jino likifa ndani au ufizi ukirudi nyuma. Matangazo ya namna hiyo hiyo kutoka Dubai na Istanbul yanafika kwenye simu zetu kila siku.

Hatua ya 3: Anza na kidogo

Omba daktari akupangie matibabu kuanzia yasiyochonga kitu. Kwa mwenye kahawia ya floridi, mpangilio wenye akili huwa hivi.

Kwanza kusafishwa. Kisha kusuguliwa kwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na unga wa jiwe la pamisi. Kazi hiyo hufanywa kliniki, fizi zikiwa zimekingwa, na huondoa sehemu ndogo mno ya enameli pamoja na doa lililoko hapo. Usijaribu nyumbani kwa ndimu, mkaa au magadi. Ndimu inayeyusha enameli na mkaa unaikwangua, na hakuna anayekupimia kina. Baadaye hufuata kung'arisha kwa jeli ya kabamaidi peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 10, ndani ya trei iliyotengenezwa kwa umbo la meno yako, inayovaliwa usiku kwa wiki kadhaa. Kahawia hufifia. Madoa meupe huenda yakabaki, lakini sehemu nyingine ya jino ikiwa nyeupe zaidi hayapigi kelele tena. Kwa madoa meupe ipo pia resini nyepesi inayopenya ndani ya enameli na kuyafifisha. Meno yenye rangi ya tetrasaiklini huchukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine miezi kadhaa ya trei, na watu huacha njiani wakidhani dawa imeshindwa.

Wengi wanaofika hapa huridhika. Wasioridhika bado hawajapoteza hatua hizo bure, na hili wauzaji wa vifurushi hawalisemi: kauri nyembamba huonyesha rangi iliyoko nyuma yake. Jino likiwa kahawia iliyokolea, fundi hulazimika kutengeneza vinia nene, na vinia nene inataka jino lichongwe zaidi. Ukififisha rangi kwanza, unaokoa enameli. Ila baada ya kung'arisha subiri wiki mbili hivi kabla ya kugandisha chochote, maana oksijeni inayobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi.

Ngazi inayofuata ni kompoziti, resini ileile ya kuzibia meno, ambayo daktari huijenga juu ya jino kwa mkono na kuikausha kwa taa. Mara nyingi humalizika kwa siku moja, na kwa jino lililovunjika ncha, lililo dogo au lenye mwanya, huenda lisichongwe kabisa. Ni nafuu kuliko kauri na ikipasuka inazibwa. Ubaya wake ni kwamba hupoteza mng'ao, hunywa rangi ya chai, binzari na miraa, na baada ya miaka mitano hadi saba hivi wengi huhitaji kuirudia. Kwa kijana wa miaka 20 bado ningeichagua kabla ya kauri, kwa sababu mlango unabaki wazi. Mwenye madhara ya floridi amkumbushe daktari hali yake: tabaka la juu la enameli hiyo hustahimili asidi, hivyo maandalizi yake huhitaji muda zaidi au kukwanguliwa kidogo ili gundi ishike.

Meno yaliyopinda yanataka waya, hata kama waya huchukua mwaka na zaidi na vinia huchukua wiki mbili. Kunyoosha meno kwa mashine ya kusagia ni kuyachonga yale yaliyojitokeza mpaka yalingane na yaliyojificha.

Kauri iwe baada ya hayo yote.

Hatua ya 4: Jua krauni inafaa lini

Nisieleweke vibaya, krauni ni matibabu mazuri. Gego lililotibiwa mzizi, ambalo nusu yake ni kizibo, linaweza kupasuka mtu akitafuna mfupa, na krauni ndiyo inayolishikilia. Jino lenye ufa, lililovunjika sana, au ambalo enameli yake imemomonyoka kila upande kwa floridi kali, nalo linaihitaji. Katika hali hizo husagi jino zima kwa ajili ya urembo, unafunika lililokwisha kuharibika.

Jino la mbele lililotibiwa mzizi lakini bado lina kuta zake si lazima liwekewe krauni, uliza. Na kwa mtu mwenye umri mdogo uwe mkali zaidi, kwani kiini cha jino la kijana ni kikubwa na kiko karibu na uso wa jino. Kuchonga sana kunaweza kukifikia au kukichosha kikafa polepole.

Krauni za mbele leo hutengenezwa kwa kauri za lithiamu disiliketi au zirkonia. Za zamani zina chuma ndani na kauri juu, na ufizi ukishuka huacha mstari mweusi. Zirkonia ni ngumu zaidi, kauri ya lithiamu hupitisha mwanga kama jino la kweli. Kwa gego chagua nguvu, kwa mbele chagua mwonekano. Haihitaji maneno mengi kuliko hayo.

Hatua ya 5: Andaa kinywa, kisha ukiri mazoea yako

Fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza, meno yaliyotoboka yazibwe. Ufizi uliovimba ukipona hushuka, na ukingo wa vinia uliofichwa chini yake utabaki nje ukionekana.

Halafu mazoea. Unafungua soda kwa meno? Unamenya muwa kwa meno ya mbele? Unakata uzi, unang'ata kucha, unatafuna barafu? Mwenza wako anasema unasaga meno usingizini? Mwambie daktari bila aibu. Kauri haipendi nguvu za namna hiyo. Hupasuka au hubanduka. Anayesaga meno usiku anaweza kuhitaji kinga ya kuvaa akilala, na pengine ashauriwe aache kabisa wazo la vinia. Muwa unaweza kuendelea kuula, ila umenywe na kukatwa kwa kisu.

Hatua ya 6: Mchunguze anayetaka kukuchonga

Kazi hii ni ya daktari wa meno aliyesajiliwa. Kenya, orodha ya madaktari wenye leseni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa tiba na wa meno, inatazamwa mtandaoni. Tanzania Bara madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Omba kuona cheti na leseni ya mwaka huu. Mtaalamu wa urembo wa saluni anayegandisha kucha hana ruhusa ya kugandisha chochote kwenye jino lako, na vinia za kununua mtandaoni za kupachika mwenyewe hukusanya mabaki ya chakula chini yake, meno yakaoza yakiwa yamefichwa.

Ukishaketi mbele ya daktari, omba mpango ulioandikwa wenye namba za meno. Meno sita ya mbele ya juu, kutoka chonge hadi chonge, huandikwa 13, 12, 11, 21, 22, 23. Kwa kila namba muulize: hili linawekewa nini, vinia au krauni? Kwa nini hili? Utachonga milimita ngapi, na je, utabaki ndani ya enameli? Ukiambiwa “kumi juu na kumi chini” kabla hujapigwa eksirei hata moja, ondoka kwa adabu. Muulize pia nani atarekebisha ikibanduka baada ya mwaka, na kwa gharama ya nani, kisha omba picha za wagonjwa wake mwenyewe, hasa za miaka mitano baada ya kazi. Picha ya siku ya kwanza kila mtu anayo.

Daktari mzuri hachukii maswali haya. Ukiona amekunja uso, tafuta maoni ya pili. Katika hospitali za kufundishia za vyuo vyenye shule za meno, kama Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna mabingwa ambao hawana sababu ya kukuharakisha.

Hatua ya 7: Vaa tabasamu kabla hujalinunua

Daktari anaweza kutengeneza mfano wa nta au wa kompyuta, kisha akaumimina kwa resini ya muda juu ya meno yako bila kuchonga. Idai hatua hii. Jitazame kwenye kioo, kisha ongea. Sema “fedha”, “vumbi”, “samaki sita”. Kwenye f na v ncha za meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Yakiwa marefu mno utajisikia, na s ikipuliza kama filimbi ni dalili kwamba umbo linahitaji kurekebishwa. Piga video ukicheka kicheko chako halisi, si cha picha ya pasi.

Rangi ichaguliwe mchana karibu na dirisha. Weupe wa karatasi unapendeza kwenye simu, lakini mezani, mtu akiwa umbali wa mkono mmoja, huonekana bandia. Mimi hushauri rangi moja au mbili chini ya ile inayokuvutia mwanzoni.

Hatua ya 8: Siku ya kazi

Kwa kawaida ni mahudhurio mawili au matatu. La kwanza, sindano ya ganzi kama itahitajika, kuchonga, kuchukua umbo la meno, na kuvalishwa vinia za muda. Maabara huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili au tatu. La mwisho, kabla ya gundi, daktari hujaribisha vinia zikiwa kavu au kwa jeli ya majaribio. Hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusema sipendi. Jiangalie bila haraka, mwite uliyekuja naye atazame. Gundi ikishakauka, kuiondoa vinia ni kuisaga.

Ukirudi nyumbani ukahisi jino moja linagonga kabla ya mengine, rudi kesho yake. Usisubiri lizoee.

Hatua ya 9: Hesabu miaka yako, si bei ya leo

Vinia za kauri zilizofanywa vizuri hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingi hupita hapo. Chukua 15. Aliyeziweka akiwa na miaka 25 atazibadilisha akiwa na 40, kisha 55, kisha 70, na kila mara jino huenda likapungua kidogo tena. Zidisha bei kwa idadi ya meno na kwa mara hizo, kwa kuwa bima nyingi hazigusi matibabu ya urembo. Ukiona hesabu haibebeki, meno manne badala ya kumi, au kompoziti badala ya kauri, si aibu.

Vinia haiozi, lakini jino lililo nyuma yake linaoza, hasa ukingoni karibu na ufizi. Mswaki laini, dawa ya meno yenye floridi isiyo na chembe za kukwangua, uzi wa kusafishia kati ya meno, na kusafishwa kliniki kila baada ya miezi sita au kama utakavyopangiwa. Anayeishi eneo lenye floridi nyingi asiiache dawa ya meno akiwa mtu mzima. Meno yake yamekwisha kujengwa, na kinachomtishia sasa ni kuoza. Watoto wake wadogo ndio wa kutafutiwa maji mengine ya kunywa.

Kabla hujatoka kliniki kwa mara ya mwisho, chukua nakala ya faili: namba za meno, aina ya kauri na ya gundi, rangi kama ilivyoandikwa, jina la maabara, eksirei za kabla na baada. Vinia moja ikipasuka miaka saba baadaye, daktari mwingine atahitaji karatasi hiyo ili ailinganishe na zilizobaki, hasa kama meno yalitengenezwa Istanbul na wewe unaishi Dodoma.